Tajiri Aliyekataa Kulipa Mahari

Jumapili saa kumi jioni, katika kibanda umiza kilicho nyuma ya mashine ya kukoboa pale Shanwe, watu hukaa kwenye mabenchi wakitazama televisheni, na hakuna anayecheka. Kichekesho ni kile kile. Tajiri ni yule yule, na tumbo lake na miwani yake. Mwanawe ni yule yule anayeshuka ngazi akiwa na soksi bila viatu. Hata wale watu wasioonekana, wanaochekea ndani ya televisheni, bado wapo na wanacheka kila wanapofikiwa na zamu. Lakini wanacheka peke yao. Kipaza sauti kimening'inia kwenye msumari, kimevishwa soksi ya mtoto ili vumbi la pumba lisikiingie. Jeniffer, mkaanga mihogo wa mlangoni ambaye siku hizi ndiye mwenye rimoti, hukitupia jicho kabla ya kuwasha, kama mtu anavyokitazama kiti cha mgeni aliyetoka mara moja na hajarudi.

"Ongeza sauti," mtu husema kutoka nyuma.

"Sauti ipo," Jeniffer hujibu. "Msemaji ndiye hayupo."

Msemaji ni Callixte. Alizaliwa Katumba, katika familia iliyokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili ikaonyeshwa pori na kuambiwa hapa ndipo penu. Wazazi wake walikata miti, wakapanda mahindi, baadaye tumbaku, wakazaa, wakazeeka, na walipopewa uraia walikuwa wamekwisha kuzijua njia za pori lile kuliko mtu yeyote aliyezaliwa nchini. Baba yake alifariki Callixte akiwa kijana. Yeye akaliacha shamba kwa baba yake mdogo, Cyriaque, akaja mjini na televisheni aliyoifunga kwa kanga juu ya baiskeli, akafungua kibanda hiki.

Nyumbani kwao waliongea Kirundi, shuleni Kiswahili, na Callixte akakua na Kiswahili kizuri chenye dosari moja tu. Kirundi hakijisumbui kutenganisha l na r. Callixte akiwa ametulia, huzitenganisha vizuri, kila herufi inakaa kwake. Akichangamka, au akiogopa, au akipenda, l zote zinahama nyumba na kwenda kuishi na r. Hapo kulala kunakuwa kurara, na yeye mwenyewe anakuwa Karisti. Mwaka mmoja wa uchaguzi, akitafsiri filamu ya Kihindi yenye harusi, alisema kwamba mama mkwe amemwita bibi harusi ndani aje kura. Mabenchi mawili ya nyuma yalibishana hadi mwisho wa filamu kama bibi harusi alikuwa amekwisha kujiandikisha.

Kazi ya kutafsiri hakuitafuta. Mwanzoni alikuwa anamweleza tu jirani yake wa benchi kinachoendelea. Jirani wa jirani akasogeza sikio, benchi zima likainama upande mmoja, na siku moja likavunjika. Callixte akaona kipaza sauti kitagharimu kidogo kuliko mabenchi. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha pili. Kilichopungua alikisoma usoni mwa waigizaji. Mtu akikunja uso alimpa maneno ya kukunja uso. Wenye filamu wangekasirika, lakini wenye filamu hawakuwahi kufika Shanwe.

Kisha kikaja kile kichekesho cha Jumapili. Kilikuwa na jina la Kiingereza ambalo hakuna aliyelishika. Sisi tulikiita Tajiri na Junia. Baba alikuwa mjane mwenye mahoteli, nyumba yenye ngazi ndani, na bwawa ambamo hakuna aliyechota maji wala kunywesha ng'ombe. Mwanawe alikuwa na ndevu zilizokomaa lakini bado anakaa kwa baba, anakula kwa baba, na anauliza soksi zake ziko wapi. Mara ya kwanza watu walipowasikia wale wachekaji wasioonekana, akina mama wa benchi la mbele waliingiwa na wasiwasi.

"Hao wanaocheka ni akina nani?" Jeniffer aliuliza. "Wamekaa wapi?"

Callixte hakuwa na jibu, lakini msemaji hawezi kukosa jibu akiwa ameshika kipaza sauti. "Ni watani wa tajiri," alisema. "Wako nyuma ya pazia. Matajiri wa kule hukaa na watani wao nyumba moja."

Ikakubalika. Mtu gani mzima asiye na watani? Tangu siku hiyo, watani wakicheka nasi tulicheka, na wakinyamaza tulijua kwamba jambo ni zito.

Ndipo akaja Mzee Gaspar. Mzee Gaspar ni Mpimbwe wa Majimoto, mkulima wa mpunga, Mkatoliki wa kengele ya kwanza. Alikuwa amekuja mjini kutibiwa goti, akafikia kwa binti yake Natalia, fundi cherehani wa hapa Shanwe. Goti lilipona, akabaki. Alisema bado analisikiliza, lakini kila Jumapili goti hilo lilitembea vizuri sana hadi benchi la mbele.

Ulimi wa Mzee Gaspar nao ulikuwa na desturi zake. Kwake yeye, kama kwa wazee wengi wa huko, r ndiyo mgeni. Ukimsalimia shikamoo anaitika malahaba. Barabara kwake ni balabala, na tajiri ni tajili. Kwa hiyo Jumapili zile pale kibandani palikuwa na mtu mmoja ambaye l zake hugeuka r, na mwingine ambaye r zake zote ni l, na katikati yao kulikuwa na sisi wengine, tukielewa.

Lakini kuna neno moja la Kiswahili ambalo halipaswi kuachwa peke yake baina ya watu wa namna hiyo. Mahali ni pale mtu anapokaa. Mahari ni kile mtu anachotoa ili aoe. Herufi moja tu ndiyo inayoyatenga.

Jumapili hiyo Natalia alikuwa amekuja kwa mara ya kwanza. Alikaa kando ya baba yake, sindano mbili zikiwa bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake, na Callixte alipomwona akashika kipaza sauti juu chini. Kwenye televisheni Tajiri alikuwa amesimama mbele ya mwanawe, akimwonyesha mlango kwa kidole. Alikuwa anamwambia, kwa Kiingereza kilicho wazi kabisa, kwamba umri umekwenda na sasa atafute pa kwake pa kuishi. Callixte alielewa kila neno. Tatizo ni kwamba Natalia alikuwa anamtazama.

"Junia, mwanangu," alisema, "umri umekwenda. Sasa tafuta mahari yako mwenyewe."

"Simamisha hapo," alisema Mzee Gaspar.

"Haisimami, mzee. Ni televisheni."

"Basi nijibu inavyokwenda. Amesema mtoto atafute mahali yake mwenyewe?"

Callixte akasikia mahali, akafurahi kwamba ameeleweka. "Ndiyo, mzee. Yake mwenyewe."

"Na huyo baba yupo hai?"

"Si ndiye huyo hapo."

"Mwenye nyumba yenye ngazi ndani."

"Huyo huyo."

Mzee Gaspar akageuka akatazama mabenchi yote. "Mmesikia nyie. Tajili mzima, mwenye bwawa, anakataa kumlipia mwanawe mahali."

Akina mama waliguna. Benchi la nyuma likasema hata masikini wa Kabungu hawezi kufanya hivyo. Jeniffer akaacha mihogo ikaungua, akaja na kijiko mkononi kuuliza Junia amechumbia wapi na kwa nini tumefichwa.

Hapo ndipo Callixte alipojua kilichotokea. Angeweza kusema samahani, ni ulimi, baba anazungumzia nyumba. Alifungua mdomo kabisa. Lakini Natalia aligeuka akiwa anacheka, akamwambia, "Endelea, msemaji. Tunataka kujua." Na mtu hawezi kuambiwa endelea na Natalia halafu akarudi nyuma kusahihisha herufi.

Akaendelea. Aliendelea Jumapili hiyo na zilizofuata, na kila wiki uongo ule ulihitaji kazi zaidi. Junia alipokwenda kwa dalali wa nyumba, Callixte alimfanya dalali kuwa mshenga. Mwanamke mwenye suti aliyemtembeza Junia kwenye vyumba vitupu akawa shangazi wa bibi harusi, anayemwonyesha nyumba za ukoo. Bunda la funguo likawa la mazizi ya ng'ombe. Bibi harusi mwenyewe hakuonekana, na watu walipouliza, Callixte alisema kwamba kule bibi harusi haonekani mpaka mahari itolewe. Mzee Gaspar akatikisa kichwa kwa heshima. "Hapo wamefanya vizuli," alisema.

Kibanda kilijaa hadi watu wakatazama wakiwa wamesimama dirishani. Watu wa mashine ya kukoboa walizima mashine saa kumi. Na katikati ya shughuli zote hizo, pazia jeusi la mlangoni lilichanika, Callixte akalipeleka kwa Natalia, likashonwa. Baada ya wiki likachanika tena.

"Pazia hili lina ugomvi na nani?" Natalia alimuuliza.

"Ni upepo."

"Upepo wa Shanwe siku hizi unatumia mkasi."

Walikuwa wote wamepita umri wa kuzungushana. Kufikia kiangazi walikuwa wameelewana, na kilichobaki kilikuwa ni kumwambia Mzee. Callixte alikuwa akingoja siku nzuri. Siku hiyo nzuri, Mzee Gaspar alisimama katikati ya kichekesho, akaegemea fimbo yake, na kuwahutubia watu.

"Mimi nasema mbele yenu. Huyu Junia nimemwonea huluma, lakini mimi siwezi kumpa mtoto wangu mtu wa namna hiyo. Kijana atakayemtaka Natalia, aje na baba yake. Asiye na mtu wa kumsimamia mahali, apite, aendelee na safali."

Mabenchi yakapiga makofi. Natalia alitazama sindano zake. Callixte, ambaye baba yake alikuwa amelala Katumba chini ya msalaba wa mninga, alikuwa na kipaza sauti mkononi na tajiri anayeongea kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza hakusema chochote. Alikuwa amemjenga baba mbaya kwa miezi mizima, kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa baba huyo alikuwa amemfungia yeye mlango.

Akaona dawa ni moja tu: Tajiri atubu. Kama Tajiri angekubali, labda na Mzee Gaspar angelegea. Jumapili iliyofuata alimfanya Tajiri aombe msamaha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bahati mbaya ilikuwa siku ambayo Tajiri, kwenye picha, alikuwa anatupa sanduku la mwanawe nje kupitia dirisha la ghorofani.

"Mwanangu nimekosa," Callixte alisema kwa sauti ya huzuni. "Mahari yote nitalipa mimi."

Sanduku likapasuka, mashati yakaelea bwawani. Watani nyuma ya pazia wakacheka sana.

"Mbona anatupa nguo?" aliuliza Mzee Gaspar.

"Ni furaha, mzee. Matajiri wakifurahi hutupa vitu."

Mzee aliyatazama mashati yale kwa muda mrefu. "Furaha" aliitamka kimoyomoyo, labda ili asilazimike kuitamka vibaya.

Wiki iliyofuata Callixte alijiandaa vizuri zaidi. Alivaa shati la kupigwa pasi. Alikohoa, akakisogeza kipaza sauti mdomoni, na kabla hajasema neno, Tajiri akaongea Kiswahili.

Hakuna aliyekuwa ametuambia. Kituo cha televisheni kilikuwa kimeamua kutia sauti za Kiswahili, na kurudia vipindi vya nyuma, ili watu waelewe. Kilikuwa Kiswahili kilichonyooka, kila herufi imevaa viatu. Tajiri alishuka ngazi, akamwonyesha mwanawe mlango kwa kidole kile kile, akasema, "Mwanangu, umri umekwenda. Tafuta mahali pako pa kuishi."

Watani wakacheka. Kibandani hakuna aliyecheka. Watu waligeuka mmoja mmoja, wakamtazama Callixte aliyekuwa bado ameinua kipaza sauti kama mtu aliyekuja na jembe akakuta shamba limelimwa.

"Pa kuishi," alisema Jeniffer polepole. "Kumbe ni nyumba."

Mzee Gaspar aliinuka, akachukua fimbo yake na kutoka nje, na goti siku hiyo lilichechemea kweli.

Jumatatu asubuhi Callixte alimkuta kwenye baraza la Natalia akipukuchua mahindi. Natalia alikuwa amekwenda kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba. Leo unasema mwenyewe au unamsemea mtu?"

"Leo nasema mwenyewe."

"Haya. Tajili alisema nini siku ile?"

"Alisema Junia atafute mahari." Callixte akajaribu tena. "Maha... mahari."

"Ndivyo ulivyosema hata siku ile."

"Pa kukaa, mzee. Chumba. Sehemu."

"Sehemu," alisema Mzee Gaspar, akilionja. "Ungesema sehemu, mimi ningekuwa nimekwenda kwangu kulima zamani." Akatupa gunzi, akachukua hindi jingine. "Na ulipoona nimekosea, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Natalia alisema niendelee."

Mzee alilipukuchua hindi lile mpaka mwisho bila haraka. "Unamtaka."

"Namtaka, mzee. Baba yangu hayupo. Na niliyasikia uliyosema."

"Niliyasema mbele za watu, siwezi kuyameza." Akakung'uta mapaja. "Wewe Kalisti, nenda katafute mahali. Ukiipata, lete hapa mtu mzima wa kwenu, tuongee."

Callixte alishukuru, akaondoka akitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alipofika kwenye kona ya mashine akasimama. Mahali. Mzee alikuwa amesema mahali. Lakini kwenye kinywa cha Mzee Gaspar, hata mahari ni mahali. Aende kutafuta ng'ombe, au aende kutafuta nyumba?

Akamkimbilia Natalia, aliyekuwa ameinamia cherehani kwenye baraza la duka la vitenge, pini zikiwa mdomoni.

"Baba yako amesema nitafute mahari."

"Mahari au mahali?"

"Ndicho ninachouliza."

"Yeye ametamkaje?"

"Ametamka mahari. Rakini kwake hata mahari ni mahari."

Natalia alitoa pini zote mdomoni, moja moja, asije akazimeza. "Nyie wawili," alisema alipoweza kusema, "ndio mliofaa kuchumbiana. Rudi umuulize kwa neno jingine. Ng'ombe au nyumba, basi."

"Siwezi kumuuriza tena. Ataona hata kusikia sijui."

"Ukikosea je?"

Callixte alitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano ya cherehani, cheupe, gauni la kipaimara la mtoto wa mtu, na Natalia akaacha kucheka.

Alikwenda Katumba. Cyriaque, baba yake mdogo, alikuwa anapanga tumbaku kwenye bani la kukaushia, na alisikiliza habari yote akiwa amempa mgongo.

"Ng'ombe wa kuoa, sisi tunasema inkwano," alisema mwishowe. "Neno zuri, halina matata. Haya ya Kiswahiri yataua watu." Akashuka, akakaa juu ya gogo. "Ila mzee huyo huenda anasema lile jingine. Sisi tulipofika hapa, baba yako na mimi, tuliuliza mahari petu ni wapi. Wakasema ni hapa, kateni miti. Tukakata. Baba yako alikuwa akiamka asubuhi anagusa ukuta wa nyumba, aone kama bado upo. Hilo nalo ni kitu cha kumwuriza mtu anayetaka binti yako."

Alisema mahari petu, na Callixte alijua kwamba hakuwa anazungumzia ng'ombe.

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Chukua yote, mwana wanje," alisema Cyriaque, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Mtu asiyejua ameitwa kwa jina gani, aitike yote."

Ndiyo maana siku moja kabla ya mvua za kwanza, watu wa Shanwe waliwaona Callixte na Cyriaque wakiingia mtaani na mtamba mwekundu waliyetembea naye tangu alfajiri, Cyriaque akiwa na koti la kanisani na miguu yenye vumbi. Mkononi mwa Callixte kulikuwa na ufunguo wa nyumba ndogo ya vyumba viwili aliyoipanga karibu na kanisa. Jeniffer aliacha mihogo iungue tena. Kufikia mlangoni kwa Natalia, walikuwa na msafara.

Mzee Gaspar alikuwa kwenye kiti chake barazani. Walisalimiana, wakauliza habari za mashamba ya Katumba na za mpunga wa Majimoto, na Cyriaque akasema amekuja kusimama alipopaswa kusimama kaka yake. Mzee alitikisa kichwa, akapokea. Kisha akanyoosha fimbo.

"Ng'ombe huyu ni wa nini?"

"Mahari, mzee," alisema Callixte.

"Na huo ufunguo ulioushika?"

Callixte alijikusanya. Alilitafuta lile neno sehemu, likakataa kuja. Natalia alikuwa amesimama mlangoni.

"Mahari, mzee," alisema.

Hata ng'ombe akaacha kutafuna. Kisha mabega ya Mzee Gaspar yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, halafu fimbo ikamwanguka na hakuna aliyeweza kuiokota kwa sababu wote walikuwa wanacheka, Cyriaque na koti lake, Natalia akiwa ameshikilia fremu ya mlango. Jeniffer alisema baadaye kwamba pale watani wa tajiri walitoka nyuma ya pazia.

"Baba," Natalia aliuliza, akifuta macho, "wewe ulimaanisha ipi?"

"Mimi nilisema mahali," alisema Mzee Gaspar, "na sibadilishi."

Hadi leo hajabadilisha, na hakuna anayejua. Alipotulia alitoa uamuzi wake kama ifuatavyo. Ng'ombe arudi Katumba, kwa sababu hapa Shanwe atakula nini kama si pumba za mashine, na yeye na goti lile atamchunga vipi. Ufunguo apewe Natalia, aanze kushona mapazia. Mtu mzima wa kwao amemwona, amefurahi naye, alale hapo hapo asirudi na jua. Na Callixte aongozane na yeye Mzee hadi Majimoto.

"Wanangu wa kiume wamekwenda kutafuta maisha," alisema. "Mpunga hauna mtu. Alime na mimi msimu mmoja, nimwone anavyoinama. Hiyo ndiyo mahali yangu."

"Na kibanda?" Callixte aliuliza.

"Tajili siku hizi anajisemea mwenyewe." Akamtazama, na uso wake ukaingiwa na huzuni kidogo. "Ila uliyekuwa unamsema wewe alikuwa na akili zaidi. Huyu wa sasa anaongea kama anasoma tangazo la mnada. Na mimi kuanzia leo siwezi kukucheka tena. Mkwe hachekwi. Kwa hiyo kama kuna neno lolote la kuchekesha umebaki nalo, liseme sasa."

Callixte alifikiri.

"Kurara," alisema.

Mzee Gaspar alicheka mara ya mwisho, akafuta macho kwa kiganja, akamwambia akae.

Tangazo la ndoa limekwisha kusomwa kanisani mara mbili, bado la tatu. Natalia ameshona mapazia ya vyumba vyote viwili na yuko Shanwe, anamalizia gauni lake mwenyewe. Callixte yuko Majimoto, shambani kwa Mzee Gaspar, anapiga mpunga.